Uchambuzi: Mvua ikinyesha mtandao unakata. Ni mawingu, au ni mpango?

Wingu likitanda tu, wakala wa pesa mtaani anajua kinachokuja. Mteja anaweka namba ya siri, ujumbe wa kuthibitisha hauji, kiduara kinazunguka. Mvua ikipita, meseji tatu zinaingia kwa mpigo, na hapo ndipo ubishi unaanza: pesa imetoka mara moja au mara mbili?

Hali hii tumeizoea hadi tunaiita kazi ya Mungu. Mvua ni kazi ya Mungu, sawa. Lakini mtandao kukata kwa sababu ya mvua ni hesabu iliyopigwa ofisini. Kuna mtu alikaa na ramani, akachagua masafa, ukubwa wa dishi na umbali kati ya minara, na kwa kuchagua hivyo akaamua kata yako itakaa dakika ngapi kwa mwaka bila mawasiliano. Swali la kujiuliza kila masika ni hilo: waliamua dakika ngapi, na zinaangukia lini?

Simu yako haiogopi mvua

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Mawimbi kati ya simu yako na mnara wa karibu hayasumbuliwi sana na mvua. Simu nyingi zinatumia masafa ya chini ya gigahezi 3, na kwa masafa hayo tone la mvua ni dogo mno kuleta shida.

Tatizo liko nyuma ya mnara. Kila mnara unahitaji njia ya kupeleka mazungumzo na data zako kwenye mtambo mkuu. Mijini njia hiyo mara nyingi ni mkongo, yaani waya wa kioo uliofukiwa ardhini. Vijijini, na hata pembezoni mwa miji, mara nyingi ni redio ya maikrowevu: yale madishi ya duara kama ngoma unayoyaona yamefungwa juu ya mnara, yakiangalia upande mmoja bila kupepesa. Mnara unarusha kwa mnara, nao unarusha kwa mwingine, mpaka pale mkongo ulipo.

Ndiyo maana unaweza kuona simu imejaa mistari ya mawimbi lakini WhatsApp haiendi. Mnara wako upo na uko hai. Kilichokatika ni njia ya nyuma yake. Mistari ikipotea yote, hiyo mara nyingi ni habari nyingine, na tutaifikia.

Kwa wenye king'amuzi cha dishi nyumbani, mnalijua hili tayari: mvua kubwa ikishika, picha inaganda vipande vipande halafu skrini inaandika hakuna mawimbi. Sababu ni ileile. Matangazo mengi ya dishi dogo yanakuja kwenye masafa ya karibu gigahezi 12, na huko matone yameanza kula.

Desibeli, kwa lugha ya sokoni

Mafundi wanapima upotevu kwa desibeli. Ukipoteza desibeli 10, umebaki na moja ya kumi ya nguvu uliyokuwa nayo. Ukipoteza 20, moja ya mia. 30, moja ya elfu. Kila kumi inayoongezeka inakata sifuri moja zaidi.

Sasa chukua mvua ya milimita 80 kwa saa, ile inayopiga bati mpaka watu wa chumba kimoja hamsikilizani. Kwa kanuni za Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, ambazo wahandisi wa dunia nzima wanazitumia, mvua hiyo inakula takriban desibeli 1 kwa kila kilomita kama redio inatumia gigahezi 7. Ukipanda hadi gigahezi 18, inakula 6 hadi 8 kwa kilomita. Kwenye gigahezi 80, masafa mapya yanayobeba data nyingi sana mijini, inakula kama 25 kwa kilomita moja tu.

Weka hizo namba kwenye safari halisi. Minara miwili imeachana kilomita 40, umbali wa kawaida bara. Mvua kali huwa haifuniki kilomita 40 zote. Hunyesha kwa mabonge, kilomita chache hapa, chache kule, na hesabu za ITU zinalizingatia hilo. Hata hivyo, kwa gigahezi 7 utapoteza desibeli 10 hadi 15. Hilo linabebeka, kwa sababu kiungo kilichopangwa vizuri huwa na akiba ya desibeli 30 au zaidi. Kwa gigahezi 18, umbali uleule, mvua ileile, unapoteza kati ya 70 na 95. Yaani inayofika upande wa pili ni chini ya moja ya milioni kumi ya kilichofika jana jua likiwaka.

Hakuna dishi litakalookoa hapo. Kiungo hicho kimekufa tangu siku kilipochorwa, kinasubiri tu masika yaje kukizika.

Kwa nini basi wasitumie masafa ya chini kila mahali?

Swali zuri, na jibu lake ni pesa. Siyo ufisadi wala uzembe, angalau si mara zote.

Masafa ya chini, gigahezi 6, 7 na 8, ni machache na yanagombaniwa. Yanabeba data kidogo kuliko ya juu, kwa sababu njia zake ni nyembamba. Yanahitaji dishi kubwa, mita 1.8 hadi 3 kwa upana, na dishi la ukubwa huo linakamata upepo kama tanga la jahazi, kwa hiyo mnara lazima uwe imara zaidi. Siku hizi minara mingi inamilikiwa na kampuni za minara, zinazowapangisha kampuni za simu. Mpangaji mwenye dishi kubwa analipa zaidi. Dishi dogo la gigahezi 18 au 23 lina upana wa sentimita 60 tu, mafundi wawili wanalipandisha kwa kamba na jioni wako nyumbani.

Kwa hiyo mpangaji wa mtandao ana vishawishi vyote vya kupanda masafa ya juu na kunyoosha umbali kidogo. Kilomita 12 zinaruhusiwa na hesabu? Tufanye 16, tutaokoa mnara mmoja. Siku ya makabidhiano kuna jua, kila kitu kinapita, picha zinapigwa, mkandarasi analipwa. Masika bado.

Na pale dishi kubwa linapowezekana, faida yake si ndogo. Ukiongeza upana wa dishi mara mbili pande zote mbili za kiungo, unapata desibeli 12 zaidi za akiba, bila kuongeza umeme hata kidogo. Hizo 12 zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya kijiji kinachopata simu ya dharura saa mbili usiku na kisichopata.

Kuna na kitu kidogo cha bure. Tone la mvua linapoanguka halibaki duara, hewa inalibonyeza linakuwa bapa kama mkate. Mawimbi yanayotetemeka kwa mlalo yanaumia zaidi kuliko yanayotetemeka wima. Kwa hiyo kiungo kilichobanwa na mvua kinapewa mtetemo wa wima. Hiyo ni kugeuza tu kifaa nyuma ya dishi, wala hakuna cha kununua. Mhandisi yeyote aliyesoma analijua, ila linataka mtu wa kuuliza kabla ya kufunga boliti.

Dakika 53 zinazotuhadaa

Hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Kiungo cha maikrowevu huuzwa kwa asilimia. Wakisema asilimia 99.99, maana yake kwa mwaka mzima kitakosekana kwa dakika kama 53. Inasikika safi kabisa. Nani atalalamikia dakika 53 kwa mwaka?

Tatizo ni kwamba mvua haigawi hizo dakika sawasawa, moja kila wiki kama posho. Kwenye kiungo kinachoangushwa na mvua, kuanzia Juni hadi Septemba maeneo mengi ya bara hupotezi kitu. Zote zinakuja kwenye vipindi vichache vya dakika 5, 10 au 20, ndani ya wiki chache za masika au vuli, mara nyingi mchana wa alasiri au jioni, wakati maduka yamejaa na watu wanarudi kazini. Wastani wa mwaka unakuambia mtandao ni mzuri. Aprili inakuambia kingine.

Halafu kuna mnyororo. Kijiji cha mbali hakiko kiungo kimoja kutoka kwenye mkongo. Kinaweza kuwa cha tano, cha saba, cha kumi. Kila kiungo kikiwa na dakika zake 53, na mvua ikiwapiga kwa zamu, leo huyu kesho yule, kijiji cha mwisho kwenye mnyororo wa viungo 10 kinakosa mawasiliano karibu saa 9 kwa mwaka. Kila kipande kimetimiza ahadi yake na karatasi zote zimesainiwa vizuri, lakini aliye mwisho wa foleni ndiye anayelipa.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhuluma ya kimyakimya iliyomo kwenye mitandao yetu. Haijapangwa na mtu mwovu. Inatokana na kupima kipande kimoja kimoja na kusahau kumpima mtu.

Mnakumbuka mfululizo ule. Desemba 3, 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh. Aprili 29, 2024, maji yalisomba watu usiku eneo la Mai Mahiu nchini Kenya. Siku chache baadaye, mapema Mei, kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia. Siku za namna hiyo hakuna anayejali mtandao ulikuwaje Julai. Onyo la kuhama bondeni, simu ya kuita gari la wagonjwa, pesa ya kumtumia mama nauli atoke: vyote vinataka kupita palepale ambapo mvua imekaa.

Mkongo si jibu la kila kitu

Kuna watakaosema peleka mkongo kila kijiji, basi. Kwa kweli mkongo haujui mvua, na Mkongo wa Taifa unaopita mikoani umesaidia mno. Lakini mkongo mwingi unafuata barabara na unavuka mito kwenye madaraja. Daraja likisombwa, na waya unaondoka nalo. Baharini nako si salama: Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakakaa na intaneti ya kuchechemea.

Siku mkongo unapokatika kwa mafuriko, tegemeo linakuwa maikrowevu. Sasa fikiria tegemeo hilo limepangwa kwa masafa ambayo mvua ileile iliyobomoa daraja inayaua. Mtu ana mwavuli anaoufungua jua likiwaka tu.

Setilaiti? Starlink ilianza huduma Kenya mwaka 2023 na wengi wameifurahia, lakini nayo kati ya dishi la mteja na anga inapita kwenye masafa ambayo mvua kubwa inayagusa. Inapungua, kisha inarudi. Ni msaada wa ziada, si kinga kamili.

Lori kwenye tope

Habari njema ni kwamba redio za kisasa zina akili. Hali ikiwa nzuri, zinapakia taarifa nyingi kwenye kila mpigo wa wimbi. Mvua ikianza, zinapunguza mzigo zenyewe, hatua kwa hatua, kama dereva wa lori anayeshusha magunia ili avuke tope. Redio inayopakia biti 12 kwa mpigo inaweza kushuka hadi 2. Uwezo unabaki sehemu ndogo, moja ya sita hivi, lakini kiungo hakikatiki.

Na hapa kuna uamuzi mwingine wa binadamu. Uwezo ukishuka hadi moja ya sita, nani apite kwanza? Muamala wa pesa kwa menyu ya nyota na reli ni mwepesi kama unyoya. Simu ya sauti nayo haihitaji kikubwa. Video ndiyo mzito. Fundi akiupanga mtandao vizuri, wakati wa mvua video inasubiri na wakala anaendelea kuhudumia. Asipoupanga, vyote vinasukumana mlangoni na hakuna anayepita.

Kwa hiyo ukiona mvua inanyesha na huwezi hata kuangalia salio, usikubali jibu la "ni hali ya hewa." Kama kiungo bado kiko hewani, hiyo ni foleni isiyosimamiwa.

Si kila kukatika ni mvua angani

Tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Mara nyingi mvua inasingiziwa. Radi imepiga, umeme wa gridi umekatika, betri za mnara zimechoka, jenereta halina mafuta na barabara ya kulipelekea ni tope. Mnara unazima. Hapo ndipo mistari yote kwenye simu inapotea, na inaweza kuchukua saa nyingi, wakati kukatwa na mvua yenyewe ni kwa dakika tu. Kama mtandao umerudi mvua ilipopungua, shuku masafa na umbali. Kama umerudi kesho yake saa nne asubuhi, shuku umeme.

Kuna pia maji yanayoingia kwenye viungio vya kebo visivyozibwa vizuri. Haya ni mabaya kwa sababu hayakauki mvua ikiisha. Na kuna dishi lililosukumwa na upepo likapinda kidogo, maana dishi kubwa lina miale myembamba na likihama hata nyuzi moja, halioni tena mwenzake.

Juu ya maji hadithi inageuka kabisa. Kwenye mkondo wa Zanzibar au Ziwa Victoria, kiungo kirefu cha masafa ya chini kinaweza kustahimili mvua vizuri, kisha kikafa usiku mtulivu, mbalamwezi, bahari kimya kama kioo. Wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linadunda kwenye maji, yanafika kwa pamoja na kufutana. Dawa yake ni kufunga madishi mawili kwenye mnara mmoja, moja juu na jingine chini, ili moja likizibwa jingine liwe linasikia. Mpangaji anayewaza mvua peke yake ataanguka huku.

Mvua ya saa, si ya mwaka

Kuna kosa la kawaida la kudhani Bukoba ina shida na Dodoma haina, kwa kuwa Bukoba inapata mvua nyingi mara tatu au zaidi kwa mwaka. Redio haijali jumla ya mwaka. Inajali ukali wa dakika hii. Manyunyu ya siku nzima hayaiumizi sana, ila dakika 15 za mvua ya mawe zinaiangusha. Na Dodoma ikiamua kunyesha, haina mchezo.

Hapo tunakutana na pengo la takwimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inapotahadharisha kuhusu mvua kubwa, kipimo chake ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa mkulima na kwa mafuriko hiyo inafaa. Kwa mhandisi wa maikrowevu, milimita 50 zilizogawanywa kwa siku nzima ni kitu kimoja, na 50 zilizoanguka ndani ya dakika 40 ni kingine kabisa. Anahitaji kipimo cha dakika kwa dakika, kwa miaka mingi, mahali hapohapo. Vipimo vya namna hiyo ni vichache Afrika, ndiyo maana wengi wanategemea ramani ya dunia ya ITU, ambayo inakadiria palipokosa vipimo.

Cha kuchekesha ni kwamba vipimo hivyo huenda tayari vinalala kwenye kompyuta za kampuni za simu. Kila redio inarekodi nguvu ya mawimbi inayopokea. Ikishuka kwa sababu ya mvua, ukubwa wa mshuko unakuambia ukali wa mvua. Watafiti wa Israel walionyesha njia hiyo mwaka 2006. Mwaka 2012 ilijaribiwa Burkina Faso kwenye kiungo kimoja cha kampuni ya simu, kilomita 29, gigahezi 7, na kikaweza kutambua siku nyingi mno za mvua kwa kulinganisha na kipimo cha kawaida.

Maana yake mnara ulioko bondeni ambako hakuna kituo cha hali ya hewa unaweza kusema "huku inanyesha vibaya" dakika chache kabla maji hayajafika kwa walioko chini. Hakuna mtambo mpya wa kununua. Kampuni itoe kumbukumbu, wataalamu wa hali ya hewa wazisome, na mdhibiti aseme hizo ni data za usalama wa umma, si siri ya biashara.

Mdhibiti anaweza kuomba na kingine akiwa hapohapo: kila kampuni itoe muda wa kukatika kwa mwezi, kwa wilaya, ukipimwa kwenye mnara wa mwisho wa mnyororo. Aprili iwe na mstari wake peke yake.